Hendeli Haiwekwi Chini

Hendeli ya malango yetu ya maji haiwekwi chini. Ni chuma kizito, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na ipo moja tu kwa mfereji wote. Zamu yako ikifika, mwenye zamu iliyotangulia anakukabidhi mkononi, pale langoni, mwenye shamba kwa mwenye shamba. Si mke, si mtoto, si kibarua. Usipotokea, maji yako ni yake mpaka zamu yako iishe, mradi naye asibanduke langoni. Zamani watu walikuwa wanaiacha ukingoni, kila mmoja anadai aliikuta pale, mpaka siku moja watu wakang'oana meno. Kamati ya maji ikachoka, ikaweka sheria. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na shemeji.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mashamba yetu yanapakana, lake juu, langu chini, kwa hiyo tupende tusipende tunapeana hendeli. Msimu mmoja maji huanzia juu ya mfereji, unaofuata huanzia chini, ili asipatikane mtu wa kulalamika maisha yake yote. Mwaka aliokufa mume wangu yalianzia juu. Shemeji alikuwa na zamu ya asubuhi, sisi ya mchana.

Miche ya vitunguu ya mwaka ule mume wangu aliipanda akiwa mgonjwa. Kuinama hawezi, basi alikaa kwenye kigoda, anapanda pale mkono unapofika, kisha anajisogeza yeye na kigoda chake. Nilimwambia aache nitapanda mimi. Akasema mimi napanda kama mtu anayekimbizwa. Tulicheka sana siku ile. Tukamzika siku ya zamu yetu, jua la kuchoma, na miche yake bado haijashika udongo.

Asubuhi ya mazishi nilimwendea shemeji langoni nikamwomba anishikie. Kumshikia mtu ni jambo la kawaida kwetu: unafungua maji yaende kwa mwenzako aliyepatwa, kisha unaondoka na hendeli yako kwenda unakokwenda. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa figo.

"Maji hayangoji msiba, shemeji," akasema.

Hakuja makaburini. Kaka yake anafukiwa, yeye yuko langoni. Maji yetu yakaingia kwenye mahindi yake kutwa nzima, na zamu yetu iliporudi tena, miche ilikuwa imekauka mistari yote, hata ile ya mwisho ambayo ilikwenda kombo kwa sababu mkono wa mume wangu ulikuwa umeanza kutetemeka.

Tangu hapo hadithi hiyo niliisimulia kila nilipopata masikio. Kisimani, mashineni, kwenye vikao vya kamati. Kaka yake anafukiwa, yeye yuko langoni. Watu walitikisa vichwa, wakaguna, na shemeji akawa mtu wa kupita njia za nyuma. Haikunitosha. Misimu ikapita, nikawa nampa hendeli nikitabasamu, na moyoni nasema siku yako itafika, utakiona cha mtema kuni.

Mama mkwe alikuwa anakaa kwangu. Baada ya yale mazishi alijitwika godoro lake mwenyewe, akatoka kwa mwanawe, akaja kulala chumba kinachopakana na changu. Tulikuwa tunachambua vitunguu pamoja uani, yeye anakata mikia, mimi napanga kwa ukubwa. Alikuwa mtani hasa. Mgeni akiniuliza habari za mama mzazi, anadakia yeye, anasema yupo mzima, ila miguu tu.

Siku moja nilikuwa naisimulia tena ile hadithi, akaweka kisu chini.

"Mwanangu, hiyo hadithi utaimaliza lini?"

"Siku naye atakapofiwa siku ya zamu yake, mama."

"Afiwe na nani? Aliyebaki ni mimi."

Kisha akacheka, akachukua kitunguu kingine. Mimi sikucheka.

Alikufa kiangazi hiki. Mfereji ulikuwa umenywea, na maji yalikuwa yanaanzia chini. Siku ya mazishi zamu ya asubuhi ilikuwa yangu, ya mchana ya shemeji. Sikuipanga mimi. Lakini nilipogundua, katikati ya machozi yangu ya kweli kabisa, kitu kikanitekenya kifuani, nikakijua ni furaha.

Shemeji alinikuta langoni asubuhi. Alikuwa ametoka kuchimba kaburi, udongo umemganda mpaka magotini.

"Shemeji," akasema, "naomba unishikie leo. Nyanya zimetoa maua, zikikosa maji sasa hivi ndiyo basi tena. Ukishafungua, tutakuwa wote kule kwa mama."

Nililichelewesha jibu. Maneno niliyokuwa nayo nimeyalea miaka, sikutaka kuyatema kwa pupa.

"Maji hayangoji msiba, shemeji."

Akatazama chini. Nilisubiri anibembeleze, nilitamani anibembeleze.

"Kwa hiyo utabaki hapa?"

"Nitabaki."

"Sawa," akasema, akageuka akarudi alikotoka.

Nikajua atakuja. Mtu aliyemwacha kaka yake kwa ajili ya mahindi hawezi kuziacha nyanya kwa ajili ya mama. Na ndicho nilichokitaka: makaburi yako kwenye kilima mbele ya lango, umati wote ungemwona akishuka. Nilikwisha kummwagia mama machozi yangu usiku na mchana, nilimwogesha, nilimlisha. Nilijiambia ananijua, atanielewa.

Jua likafika utosini. Kule kilimani wakaanza kuimba. Njia ikabaki tupu.

Hakuja. Basi zamu ikawa yangu kwa sheria. Vitunguu vyangu vilikuwa tayari kung'olewa, shingo zimelala, tone la maji lingeviozesha. Nikalishika lango la kumwagia, nikazungusha hendeli mpaka mwisho, maji ya shemeji yote yakaenda mtoni. Nilisimama nikayaangalia yanavyopotea. Nisiseme uongo, roho ilisuuzika.

Kisha kuimba kukakoma. Nikangoja waendelee, hawakuendelea. Kimya kikawa kirefu, kirefu mno kwa mazishi ya bibi kizee mmoja. Niliona watu wengine wanakaa chini kwenye majani. Baadaye sana wakaimba wimbo mmoja, wakaanza kushuka.

Walipita pale kwenye daraja la mfereji, hatua chache kutoka niliposimama. Mwenyekiti wa maji aliyatazama maji yanavyokwenda mtoni, akanitazama na mimi, akapita. Sheria iko upande wangu, anajua. Shemeji alikuja wa mwisho.

"Tulikusubiri," akasema.

"Mlinisubiria nini?"

"Mama aliniita kabla hajazidiwa. Alisema udongo wa kwanza autupe mkwe wake. Hata mimi nisikutangulie."

Hendeli ilikuwa imelowa jasho, nikaibadilisha mkono.

"Si ungetuma mtu aniite?"

"Nilimtuma fundi seremala, yule mwenye zamu ya jioni. Alifika hapo darajani, akakuona unayamwaga maji, akarudi. Akasema una kazi."

"Nani kautupa?"

"Nimeutupa mimi. Nikawaambia watu ni wako."

Ningependa anitukane. Ningependa aziseme nyanya zake, azililie, anilaani, nipate pa kushika. Shamba lake lilikuwa hapo hapo nyuma yake, maua yanaanza kunyong'onyea, na wala hakuligeukia.

"Chukua," nikasema, nikamnyooshea hendeli. "Zamu yako haijaisha."

"Sina haja nayo leo. Jioni mpe fundi." Akaondoka na watu wake.

Bado namchukia. Leo namchukia kuliko jana, kwa sababu aliniibia maji nikabaki na hadithi, na sasa hadithi nayo ameibeba. Wanawake wawili waliobaki darajani walikuwa wanatoa mchanga kwenye viatu, hawakujali kushusha sauti.

"Mama mkwe anafukiwa," mmoja akasema, "yeye yuko langoni."

Kutoka pale kaburi lilionekana vizuri, udongo wake bado mbichi. Nilitaka kupanda hata mara moja tu, nikaweke konzi yangu kabla haujakauka. Lakini anayetumia maji ya mwenzake habanduki langoni mpaka amkabidhi anayefuata, zamu ya fundi ilikuwa jioni, na fundi alikuwa amekwenda kula na wenzake msibani. Nikasimama palepale, na chuma changu mkononi, namngoja.