Mstari wa Tisa

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa, wiki ya bluu. Asubuhi hiyo mdogo wangu alikojoa nyekundu.

Mtu mwingine angepiga kelele palepale. Watu wa chumba cha rangi hawapigi kelele. Pale kiwandani anakofanya kazi, kila wiki ina rangi yake. Vitambaa vyote vya wiki hiyo huchovywa rangi moja, na wanawake wanaovichovya hutoka na rangi hiyohiyo, kwenye jasho, kwenye mate, mpaka chooni. Wiki ya njano hutaniana, "Leo nimekojoa dhahabu, nikauze wapi?" Wamezoea. Nyapara wao kawaambia miaka yote kwamba rangi ikitoka ni mwili unajisafisha, wamshukuru Mungu. Mtu mzima, ana mke na watoto, anasema maneno hayo bila haya.

Sasa wiki nyekundu ngapi zilipita damu ikiwa imo humohumo, imejificha kama mwizi kwenye umati wa harusi? Hakuna ajuaye. Siku hiyo ilionekana kwa sababu moja tu: ilikuwa wiki ya bluu.

Zamu ilipoisha alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha viatu, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Kaka, hii wiki gani?"

"Nitajuaje mimi? Kalenda si mikono yako?"

Akaiinua. Bluu mpaka kwenye viwiko.

"Basi nimekojoa nyekundu."

Nikaweka sindano chini. "Umekula nini?"

"Nakwambia damu, unaniuliza chakula! Ungekuwa daktari ungeua mtaa mzima."

Ndivyo alivyo. Anaitwa Nyigu tangu utotoni, kwa kile kiuno chembamba na mdomo unaochoma. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na mitano. Nimemsuka nywele mimi, vibaya, na hajanisamehe mpaka leo.

Kesho yake nilifunga kibanda nikampeleka hospitali. Wakamwingiza mpira wenye kamera, wakachukua kinyama kidogo, wakasema turudi baada ya siku kumi. Tuliporudi tulimkuta daktari binti mdogo, miwani inamteleza puani. Hakuzunguka. Alisema ni saratani ya kibofu, na imeshaingia kwenye nyama ya ukuta wa kibofu chenyewe. Kukwangua hakutoshi. Kitolewe chote.

"Unavuta sigara?" akamuuliza.

"Sijawahi. Labda moshi wa kaka yangu akikasirika."

"Kazi yako?"

Nyigu akaweka mikono mezani. Wiki hiyo ilikuwa zambarau. Daktari aliitazama mikono ile, akavua miwani, akaivaa tena.

"Dada, umefanya kazi hiyo muda gani?"

"Miaka kumi na minane."

Akafungua droo, akatoa fomu. Akatueleza taratibu, nami nikamwomba arudie, maana watu wa hospitali hupenda kusema jambo mara moja halafu wakaondoka. Hospitali kubwa ndiyo yenye watu wa kutoa kibofu. Mgonjwa wa kawaida anasubiri zamu yake miezi saba. Aliyeugulia kazini ana orodha yake fupi, anaingia ndani ya wiki chache. Lakini lazima mwajiri ajaze fomu na kupiga muhuri, na fomu ikiwa na pengo wanairudisha.

"Miezi saba hana," daktari alisema. "Nampa wiki sita awe ameshapasuliwa. Mstari wa tisa ndio muhimu. Msikubali uachwe wazi."

Niliusoma kwa kidole. *Taja kemikali alizoshika mgonjwa katika kazi yake.*

Wiki sita. Hesabu hizo nazijua. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi na marehemu mke wangu, alipougua, tulisikia la mkuu. Mkuu alisema rudini Jumatatu, tukarudi Jumatatu. Akasema mashine imeharibika, rudini Jumatatu nyingine. Mke wangu alikuwa mtu wa subira, aliniambia subira huvuta heri, tusiwasumbue wenye kazi zao. Jumatatu ya sita nilirudi peke yangu kuchukua cheti cha kifo, na hicho hakikuwa na foleni. Tangu siku hiyo mtu akinitajia subira naona kama kanitukana.

Fomu tuliipeleka kwa nyapara. Wanawake wamempa jina la Bwana Funguo, kwa kuwa ufunguo wa choo hukaa kiunoni mwake. Mara mbili kwa zamu, unauomba na kutia sahihi, na ukichelewa kutoka anagonga mlango. Kwa sababu hiyo wamejifunza kutokunywa maji. Unachovya kitambaa kwenye tangi la moto kwa saa nane, koo limekauka kama ngozi ya kiatu, na maji hunywi, kwa sababu ya mtu mmoja na ufunguo wake.

Fomu ikakaa kwake siku saba. Iliporudi, mistari yote ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri kabisa, jina, umri, mwaka wa kuajiriwa. Kwenye mstari wa tisa palikuwa na kistari kimoja kifupi.

Hospitali kubwa wakaikataa. Tukairudisha. Ikakaa siku tano, ikaja imeandikwa *rangi*.

"Rangi!" alisema karani wa hospitali. "Hata nyanya ina rangi. Wanataka jina la kemikali, baba."

"Mapipa ya rangi yana karatasi za majina," nikamwambia Nyigu tukirudi. "Waambie wenzako wakunakilie."

"Mapipa gani? Yanafika kwetu yamenyolewa, kaka. Stoo wanayabandua karatasi kwanza. Sisi tunayaita vipara."

Wiki mbili zilikuwa zimekwenda, na nyingine mbili zikaenda tukisubiri majibu ya barua tuliyoandika kiwandani. Nilihamia kwake na godoro langu. Alikuwa anakwenda chooni kila robo saa, akiuma meno, akirudi ananiuliza kwa nini namtazama kama mkaguzi wa tiketi. Nikampikia uji, akasema ni gundi ya viatu. Akaunywa.

Jumapili mchana nilimkuta amekaa kitandani na lile karatasi la maelezo alilopewa hospitali. Lina picha ya mtu, na tumboni kwa mtu huyo kuna tundu dogo na mfuko umebandikwa juu yake. Mkojo utapita hapo maisha yote.

"Mfuko, kaka," alisema. Sauti haikuwa ya Nyigu. "Nitembee nao sokoni. Nilale nao. Si bora waniache nife na vyangu?"

Maneno mazuri alikuwa nayo mke wangu, akaenda nayo. Nikasema lililokuja.

"Mimi nashona mifuko tangu sijaoa. Huo wa hospitali ni wa plastiki, wataubadilisha wenyewe. Mimi nitaushonea ala ya ngozi laini, ya mbuzi, yenye kifungo pembeni. Hakuna mwanamke mjini humu atakuwa na ala kama hiyo."

Akalikunja lile karatasi.

"Ya rangi gani?"

"Haitapakwa kitu. Ngozi kama ilivyo."

Akaanza kucheka, akashika tumbo, akakimbilia chooni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini kidevu kimerudi juu.

"Kesho tunakwenda kwa meneja mwenyewe," akasema. "Na wewe usije kuwaomba omba mle ndani. Nakujua. Unafoka nyumbani, ukifika ofisini unavua kofia."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

Jumatatu ilikuwa wiki ya kijani na zilibaki siku kumi na moja. Tulipitia chumba cha rangi, maana ndiyo njia. Sikuwahi kuingia mle. Mvuke ulinishika kooni kama mkono. Wanawake kumi na wanne, matangi saba, sakafu inateleza, na kila mmoja kijani mpaka viwikoni. Wakamsalimu kwa sauti juu ya kelele za mashine. "Nyigu! Umekuja kutuuma?" Mwanamke mkubwa kuliko wote, wanayemwita Bibi Tangi kwa kuwa alianza kazi kabla tangi la kwanza halijafungwa, alimshika shavu akamwachia alama ya kidole.

Mlangoni Nyigu akasimama, akabana magoti.

"Bwana Funguo, naomba ufunguo."

Nyapara akatazama saa. "Huna zamu leo. Ufunguo ni wa walio kazini."

"Ni mgonjwa," nikasema.

"Mzee, sheria sikutunga mimi."

Hawa watu! Kila mmoja sheria hakutunga yeye. Nimeishi miaka hamsini na nane sijakutana na aliyeitunga hata mmoja. Kofia ilikuwa mkononi mwangu. Nikairudisha kichwani.

Nyigu hakubishana. Alipanda ngazi, akapita kwa katibu, akafungua mlango wa meneja bila kubisha, mimi nyuma yake, Bwana Funguo nyuma yangu akisema "Hapana, hapana, hapana." Meneja alikuwa anakunywa chai. Chumba kina zulia, kina feni, na pembeni kina mlango mdogo mweupe.

"Shikamoo, Bwana Meneja. Naazima choo chako."

Akaingia.

Tulibaki wanaume watatu tukisikiliza feni. Meneja akaniuliza mimi ni nani.

"Kaka yake."

"Kuna utaratibu wa kuja ofisini, mzee."

"Upo. Tumeufuata mara mbili. Umetuletea kistari."

Nikaweka fomu juu ya meza yake, mpya, daktari binti alitupa nyingine. Meneja aliisoma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na muhuri wa ile ya kwanza ulikuwa wake.

"Mstari huu ni mgumu," alisema. "Michanganyiko ni siri ya biashara. Na saratani ina sababu nyingi. Mtu anaweza kuipata popote. Wangapi wamefanya kazi hapa na ni wazima?"

"Wangapi wamepimwa?"

Meneja akamtazama nyapara, nyapara akatazama zulia.

Mlango mweupe ukafunguka. Nyigu alikuwa na jasho usoni, ameshika fremu ya mlango. Hakuufunga.

"Sikuvuta maji," alisema. "Nimekuachia. Njoo uone wiki hii ni ya rangi gani."

"Mama, tafadhali..."

"Mimi si mama yako. Inuka, bwana. Ni hatua nne."

Hakuinuka. Bwana Funguo naye hakusogea, yeye aliyezoea kuwagongea wanawake mlango. Basi nikaenda mimi. Wiki zote hizo nilikuwa nimeambiwa tu, sikuwahi kuona, Nyigu alikuwa anavuta maji haraka kila mara. Nilisimama pale juu ya bakuli jeupe la mtu mkubwa na nikaona. Halikuwa jambo la kuchanganya na rangi yoyote. Kulikuwa na mabonge.

Nilikwenda kwenye mlango wa ofisi nikasimama hapo, mgongo kwenye ubao.

"Hakuna anayetoka," nikasema. "Chai yako itapoa, utatengenezewa nyingine."

"Nitaita walinzi."

"Waite. Wote waje waone."

Ndipo niliposikia ngazi zikilia nyuma yangu, nyayo nyingi, ndala zenye maji. Mashine chini zilikuwa zimenyamaza. Nikasogea kidogo, nikafungua mlango. Walikuwa wamejaa kwenye korido, mikono ya kijani imening'inia, na Bibi Tangi mbele yao. Aliniangalia, akamwangalia Nyigu, kisha akapita katikati yetu mpaka kwenye mlango mweupe. Alichungulia. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi. Kisha akauinamisha uso wake, akaishika khanga yake chini ya kitovu kwa mikono miwili.

Wenzake walipita mmoja mmoja. Msichana mmoja alitoka amefunika mdomo. Mwingine alianza kuhesabu wiki kwa vidole, akasimama katikati, akaanza upya.

Nyigu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, amepauka, lakini kidole chake kilikuwa juu ya fomu, kwenye mstari wa tisa, na kalamu ya meneja ameisogeza mpaka mbele ya meneja.

"Andika," alisema.

Meneja akaishika kalamu. Akaifungua. Hakuandika.

Bibi Tangi akaja mpaka kwenye ukingo wa meza, akaweka viganja vyake vya kijani juu ya mbao ile iliyong'arishwa, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa meneja.

"Mwanangu," alimwambia, taratibu kabisa. "Nimechovya mikono humo miaka thelathini na miwili. Ndani ya yale mapipa mna nini?"