Mjane wa Lyuben

Kila mwaka, mwezi wa pili ulipoanza kulegeza theluji, Rayna Gencheva alibandika karatasi za kumkumbuka marehemu mumewe, zenye picha yake na maneno machache: moja kwenye mlango wa jengo alilokaa, moja kwenye geti la kanisa, moja kituo cha basi, na moja kwenye mlango wa maktaba alikofanya kazi mpaka akastaafu. Hakuwa peke yake. Mji mzima ulibandikwa nyuso za wafu wake, kwenye miti na nguzo, na watu walizisoma wakienda kununua mkate kama wanavyosoma bei ya nyanya. Tofauti ni kwamba nyuso nyingi zilikuwa za wazee. Lyuben alikuwa na miaka thelathini na sita, nywele nyeusi zimemwangukia usoni, mdomo wazi kidogo. Alikuwa mpiga picha wa mji, na moyo ulimsimama kazini, kwenye chumba cha giza, picha za harusi ya watu zikiwa bado majini.

Mwaka huu mzee Velko wa duka la kuchapisha alikuwa amechoka na kazi, akamwachia duka mjukuu wa dada yake, msichana aliyeitwa Bilyana. Rayna alimpelekea picha, akamwambia huu ni mwaka wa thelathini na nane, maneno mengine ni yaleyale ya kila mwaka, atayakuta. Bilyana hakuyakuta, mzee alikuwa ameondoka na kompyuta yake. Aliona aibu kumpigia simu bibi wa watu kwa jambo dogo kama hilo. Akautazama uso ule wa kijana, akamkumbuka mteja wake mwenye fimbo na mvi, akaandika yaliyomjia.

Rayna alipozichukua hakuzisoma. Maneno yale aliyajua kama sala. Alichokagua ni uso, kama umetoka vizuri au wino umemzidi, akaona umetoka vizuri. Akazibandika zote nne kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni, akirudi kutoka kanisani na bakuli tupu la ngano ya kuchemsha aliyowagawia watu kwa ajili ya marehemu, alimkuta Yavor mbele ya jengo. Yavor alikuwa amehamia ghorofa ya kwanza vuli ile, na mkewe na mtoto mchanga. Alivua kofia.

"Pole sana, bibi," alisema. "Nimesoma hapo mlangoni. Mimi nina huyu mmoja tu, na akikohoa usiku silali. Kumzika mtoto, sijui mtu anaishije baada ya hapo."

"Mtoto yupi?"

Yavor aligeuka. Aliutazama mlango. Rayna naye akautazama, kisha akatoa miwani mkobani, akasogea.

*Miaka thelathini na minane bila wewe, mwanangu mpendwa. Mama yako hajakusahau.* Na chini yake, jina lake, Rayna.

Alisoma mara moja, ikatosha. Kijana wa watu alikuwa bado ameshika kofia mkononi, masikio yamemwiva kwa baridi.

"Asante, mwanangu," alisema Rayna, maana neno lingine halikuja. Akapanda ngazi.

Njia nzima mpaka ghorofa ya tatu alikuwa akijiuliza kwa nini hakumsahihisha. Ilikuwa rahisi tu: si mwanangu, ni mume wangu. Lakini angesema hivyo, kijana angemtazama yeye, kisha picha, kisha yeye tena, na angeanza kuhesabu. Rayna hakutaka kuhesabiwa. Walizaliwa mwaka mmoja, yeye na Lyuben. Hawakujaliwa mtoto.

Stoyanka, jirani wa mlango wa pili, alikuja saa ya tamthilia kama kawaida yake, na bakuli la kabichi ya kuchachusha chini ya shali.

"Shoga, umezaa lini bila mimi kujua?" alisema kabla hajakaa.

"Umeona."

"Jengo zima limeona. Mimi nimecheka, nisamehe. Halafu nikasema, sasa huyu Rayna atakuwa ameketi gizani." Alivuta kiti mbele ya televisheni. "Kamsichana kale kana akili za kuku."

"Ana macho tu. Kaandika alichokiona."

"Basi ziache karatasi zikae. Nani anasoma? Waliomjua Lyuben wamekwisha. Kaka yake Metodi hatunaye. Velko anamsahau hata mkewe. Nimebaki mimi, na mimi najua ulikuwa mke wake, nilikula mpaka nikavimbiwa kwenye harusi yenu."

"Ndiyo maana," alisema Rayna. "Waliojua hawahitaji kusoma. Wanaosoma ni wageni, nao wataamini kilichoandikwa. Mwakani watasema yule bibi aliyefiwa na mwanawe. Mwaka utakaofuata hata wewe utazoea."

Stoyanka akaongeza sauti ya televisheni.

Kabla ya tamthilia ikaja hali ya hewa. Mtangazaji wake alikuwa yuleyule tangu enzi za rangi nyeusi na nyeupe; alianza akiwa mwembamba wa tai pana, sasa ana kitambi na anapumua katikati ya sentensi. Rayna alikuwa amezeeka naye, mvua kwa mvua. Hata yeye, mtu asiyemjua, alimwona akiota mvi. Lyuben peke yake ndiye aliyekataa kusogea.

Stoyanka alipoondoka, Rayna aliinuka akatoa rafuni riwaya aliyoipenda tangu ana miaka kumi na tisa. Zamani mwanamke wa humo alikuwa kama dada mkubwa, naye Rayna akimwonea wivu kwa kofia zake na machozi yake. Baadaye wakawa rika moja. Miaka ikapita, akaanza kumsoma kama mama anayemsikiliza binti mjinga akijiharibia. Siku hizi alimsoma kwa kioo cha kukuzia, na alitamani kumfunika shali mabegani. Watu wa vitabuni hawazeeki, na hakuna anayewachukia kwa hilo. Lakini hakuwahi kuolewa na mtu wa kitabuni. Aliolewa na mwanamume aliyekoroma, na hilo ndilo alilotaka liandikwe mlangoni.

Asubuhi alirudi dukani. Bilyana aliposoma karatasi yake mwenyewe na kuambiwa, alikaa chini.

"Bibi, nilidhani... Yaani picha ilikuwa ya kijana, nami nikaona..."

"Uliona kizee. Usilie, mwanangu, macho yako ni mazima. Andika *mume* badala ya *mwana*, na *mke* badala ya *mama*. Basi."

Bilyana aliandika. Alipomaliza hakuchapa. Alikuwa anatafuta namna ya kulipa.

"Naweza kukufanyia kitu," alisema. "Bure. Mashine inaweza kumzeesha. Tunawafanyia watu sana, wanapenda. Atakuwa na umri wako, na hakuna mtu atakayekosea tena."

Rayna hakujibu mara moja, na Bilyana akachukua kimya kile kuwa ruhusa. Kioo cha kompyuta kilififia, kikarudi.

Pale palikuwa na mzee. Nywele nyeupe, mashavu yamelegea vizuri, mikunjo miwili mirefu kando ya pua. Rayna alishika ukingo wa meza. Hakutegemea kwamba moyo ungemdunda namna ile, kama wa msichana aliyeitwa jina barabarani. Kwa dakika chache alimruhusu akae. Akamwazia na fimbo, akilalamikia ngazi. Akamwazia amesinzia mbele ya televisheni, na yeye akimtoa miwani puani.

"Masikio yangekuwa makubwa zaidi," alisema. "Kwao masikio hukua. Na nywele zisingekuwa nyingi hivyo."

Bilyana alifurahi, akavuta masikio, akapunguza nywele. Mzee akabadilika. Kila walichomsahihisha kilimsogeza kwa Metodi, yule kaka aliyezeeka kweli; maana Rayna hakuwa na mfano mwingine wa kumtengenezea. Kisha akaona jambo jingine.

"Mdomo ameufunga nani?"

"Mashine yenyewe. Inawawekea tabasamu. Wengi hupenda akiwa ametulia."

Rayna alimtazama mzee aliyetulia. Mikunjo ile kando ya pua ilikuwa mizuri, lakini hakuijua imetoka wapi. Yeye yake aliijua. Ule wa kati ya nyusi ulitokana na miaka ya kusoma majina kwenye kadi za maktaba bila miwani. Ile ya mdomoni ilianza majira yale ya baridi baada ya mazishi, alipokaa wiki nyingi bila kusema na mtu. Huyu mzee hakuugua, hakumuudhi mtu, hakungoja foleni ya mafuta hata siku moja.

"Uso huu hauna siku ndani yake," alisema polepole. "Nirudishie yule."

"Hata kidogo tu? Miaka kumi?"

"Nirudishie, binti. Pale mdomo uko wazi kwa sababu alikuwa anasema. Alikuwa ananiambia nishike kamera vizuri, naitikisa."

Bilyana aligeuka. "Kumbe ulimpiga wewe."

"Mpiga picha nani humpiga? Alinipiga mimi makasha mawili yamejaa. Mimi nilimpiga yeye mara ile moja, na hata hapo alinigombeza." Rayna alirudisha miwani mkobani. "Anayemtazama hapo ni mkewe, mwanangu. Wewe usingeweza kulijua hilo. Ndiyo maana tunaandika."

Karatasi mpya zilitoka zikiwa na joto.

Katika mji ule hakuna anayeichana karatasi ya marehemu. Hiyo ni kazi ya mvua na upepo. Rayna alibandika mpya juu ya zile mbaya, pembe juu ya pembe, kanisani, kituoni, maktabani. Kituoni mwanamke mmoja alisogea kusoma, akasoma, akapanda basi lake. Hakuna kilichotokea. Hapo Rayna akatambua kwamba alikuwa amengoja kitu kitokee.

Alipofika mlango wa jengo, jua lilikuwa limeshazama na vidole vyake havikuwa na hisia. Selotepu ilimng'ang'ania. Alisikia mtu akifuta viatu nyuma yake, akajua ni nani kabla hajageuka. Yavor alikuwa na mkate kwapani. Alishika ile pembe iliyokuwa ikiruka, akaishikilia mpaka selotepu ikakaa, na katika kuishikilia akasoma.

Aliuhamishia mkate kwapa la pili.

"Jana nilisema vibaya," alisema.

"Hukusema vibaya. Ulisoma."

Akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena, sawasawa kama Rayna alivyohofia. Ila hakuonekana kuhesabu.

"Mimi nafikisha thelathini na sita mwezi wa tano," alisema.

Waliingia ndani pamoja. Yavor alibonyeza swichi ya ngazini, taa ikawaka, na kwenye mwanga ule Rayna alimwona vizuri: ndevu za siku mbili, doa la maziwa begani, uchovu ambao bado haujageuka kuwa kitu kingine. Mungu wangu, Lyuben alikuwa mdogo hivi. Miaka yote alikuwa amemkumbuka Lyuben kama mtu mzima, kwa sababu alipomfia yeye naye alijiona mtu mzima. Alikuwa kijana wa kumwambia avae skafu. Uchungu wa jambo hilo ulimwingia upya, nao haukuwa wa mama. Ulikuwa wa mke aliyechelewa kuelewa alichonyang'anywa mwenzake.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Yavor aliuliza.

Rayna alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimuuliza mara ya mwisho. Kwenye karatasi huandikwa mwema, mpendwa, hasahauliki, na maneno hayo yanamfaa yeyote.

"Alikuwa msumbufu," alisema. "Riwaya aliianza na ukurasa wa mwisho. Ukimkataza, anakusomea kwa sauti. Nikiwa maktaba, watu walikuwa wananiletea malalamiko, Bi Rayna, mumeo ametuambia nani amekufa."

Yavor alicheka, akajizuia asimwamshe mtoto nyuma ya mlango.

"Na televisheni ndiyo usiseme," Rayna aliendelea. "Ilikuwa moja jengo zima, kwa kina Stoyanka. Tunakaa watu kumi na tano tunaangalia filamu, yeye anasimama mbele yetu anaeleza mwanga umewekwa wapi. Siku moja babake Stoyanka alimrushia kandambili."

"Ikampata?"

"Ikampata. Ngoja, ilikuwa majira gani..."

Taa ya ngazini, ambayo hujizima yenyewe ukichelewa kupanda, ikazimika. Gizani Rayna alinyamaza, akidhani ndiyo basi, kijana ana mkate wa kupeleka. Kisha akasikia mkono ukipapasa ukutani, swichi ikabonyezwa, na taa ikawaka.

"Ilikuwa majira gani?" aliuliza Yavor.