Njiti wa Khovd

"Miguu imepoa," nesi alininong'oneza. Kisanduku cha joto cha kumtunzia mtoto njiti kilikuwa kimezimika, nasi tulikuwa ndegeni kutoka Khovd, juu ya milima ya Altai nchini Mongolia, mwezi wa Januari, Ulaanbaatar bado mbali.

Mama yake, Enkhtuul, alimbandika mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi. Walikaa dirishani. Nilipogusa ukuta wa ndege, ulininyonya joto la kiganja chote. Nikaelewa ulikuwa unamfanya nini mtoto yule.

Nikawahamishia kiti cha kando ya ujia, kisha nikamwendea rubani Dashnyam, nikamwomba apandishe joto mpaka mwisho.

"Abiria watapikika," alisema. "Waulize kwanza."

Nilikuwa mhudumu peke yangu, mwaka wangu wa kwanza angani. Nikawauliza. Kisha bibi mmoja, Khandsuren, akasimama.

"Unauliza nini, mwanangu? Mwambie awashe!"

Akavua joho lake la ngozi ya kondoo, akaziba nalo dirisha. Wengine wakafuata, mpaka kuta zikavaa majoho. Mpiga mieleka aliyeitwa Tumursukh akajibana kati ya Enkhtuul na dirisha.

"Kaa hapo hapo, jiko wewe," bibi akamtania. "Leo unene wako umepata kazi."

"Nikiyeyuka, bibi, utanizoa kwa ndoo."

Hewa ikawa nzito kwa harufu ya sufu na jasho. Watu walifungua vifungo, wakajipepea kwa kofia, hakuna aliyelalamika. Enkhtuul hakupepesa macho. Nesi aliushika unyayo ule mdogo, akauachia, akaushika tena.

"Unapata moto," alisema hatimaye.

Ndipo mtoto akalia, kilio chembamba kama uzi. Tumursukh akafuta uso, na si jasho tu alilofuta.

Sasa mtoto yule yuko shule, nasikia, na ana mdomo kweli kweli.

Nimefungua milango mingi ya ndege tangu siku ile, lakini naukumbuka ule wa siku ile. Tulikuwa tumetua Ulaanbaatar, gari la wagonjwa halijafika, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kwa mazoea nikashika mpini wa mlango.

"Usifungue!" wakasema kwa pamoja.

Nikauachia. Wakabaki wameketi, mashati yamewagandia migongoni, hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua mzigo wake.