Kompyuta Yenye Woga

Dukani kwa Luzviminda, pale pwani ya Anilao, kompyuta za kuzamia, zinazovaliwa mkononi kama saa, hulala ndani ya kabati la kioo, zote zimewashwa, na nyuso zao ndogo zinang'aa kijani, buluu na chungwa. Asubuhi ile nilizitazama mpaka nikasahau kilichonileta. Mume wangu Dencio hakusahau. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile iliyofanana na yake, akagonga kioo kwa ukucha.

"Hii hapa, Mama. Mambo yamekwisha. Twende tukanywe kahawa."

"Nani kakwambia yamekwisha? Nanunua mimi au unanunua wewe?"

Luz mwenye duka akacheka chinichini. Yeye ndiye aliyetufundisha kuzamia sote wawili, kwanza Dencio, halafu mimi, bibi mzima mwenye wajukuu na goti bovu.

Nilijifunza kwa sababu moja tu. Dencio alikuwa fundi wa mitambo melini karibu maisha yake yote. Kila mkataba ulipokaribia kwisha ilikuja simu: umeongezwa. Nikazaa hayupo, nikamzika mama yangu hayupo. Alipostaafu nikasema afadhali, sasa nimempata. Naye akaniponyoka tena, safari hii kwenda chini ya maji. Nikasema basi, nchi kavu nimemngoja vya kutosha. Kumngoja juu ya ngalawa pia, thubutu!

Na kule chini, nisiseme uongo, ni kuzuri. Mwili unasahau uzito wake, goti linasahau ubovu wake. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa hupanda na kushuka juu ya matumbawe kama pazia dirishani. Dencio akifika huko anageuka mtoto, hataki kurudi. Lakini hewa tunayovuta kwenye kina huingia damuni taratibu, na ukizidisha muda kisha ukapanda, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyotikiswa. Kompyuta ya mkononi ndiyo inayokuhesabia dakika zilizobaki. Dencio huzila zote mpaka ya mwisho. Mwaka jana mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi, na daktari akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mara nyingine itakuwa miguu, na haitapona. Akaitikia, "Ndiyo, daktari." Alipopona tu, akarudi majini.

Hiyo ndiyo hofu yangu, na imenikosesha usingizi.

"Nionyeshe nyingine," nikamwambia Luz.

Akanitolea moja nyembamba, ya kuvaliwa hata kanisani, ila tarakimu zake zilikuwa kama ufuta. Bila miwani sikuona kitu. Akanionyesha na hiyo ya Dencio, yenye rangi tele na dira, hata hewa iliyobaki mtungini inakuonyesha. Halafu akainama, akatoa kwenye droo ya chini kidude cheusi, kinene, kisicho na sura. Tarakimu zake ningezisoma nikiwa ng'ambo ya barabara.

"Hii siiweki kabatini, Ate Meding," akasema; huniita Ate, yaani dada mkubwa, kwa heshima. "Wateja wanairudisha. Ina woga mno. Wenzake wakisema bado una dakika kumi, yenyewe inakwambia mbili, na kelele juu."

"Kama mama mkwe," akasema Dencio.

"Mama mkwe wako alikulisha bure, nyamaza," nikamjibu. "Luz, mwanangu, watu wakizamia wawili, kompyuta moja ikasema pandeni, nyingine ikasema bado, wanafuata ipi?"

Luz akanitazama, kisha akamtazama Dencio. Jibu nililijua, maana ni yeye aliyenifundisha. Nilitaka lisemwe mbele ya huyu bwana.

"Yenye woga," akasema. "Na wanapanda wote."

"Basi nifungie hiyo."

Dencio aliacha kucheka. "Mama, hiyo si kompyuta, hiyo ni pingu."

"Pingu ningekuvisha wewe. Hii navaa mwenyewe."

Kesho yake tulizama asubuhi, maji yametulia, jua likiingia ndani kwa mistari mirefu. Tulishuka kando ya ukuta wa mwamba bila haraka, bega kwa bega. Chini kabisa tukamkuta kasa mkubwa amelala, macho amefumba, na samaki wadogo wanamdonoa gamba. Dencio akaelea mbele yake kama mtu anayesali. Muda ukapotea. Nadhani na mimi nilikuwa nikiota.

Kisha kompyuta yangu ikalia. Nikanyoosha dole gumba juu: tupande. Dencio akanionyesha yake, kijani kitupu, dakika tele. Akanipungia mkono: nenda, nakuja. Hiyo 'nakuja' ya Dencio naijua, nimezeeka nayo.

Sikwenda. Nilijisogeza kati yake na kasa, nikamwekea mkono wangu wenye kompyuta mbele ya miwani asione kingine. Tarakimu ikashuka. Akatikisa kichwa, akanisukuma begani kwenda juu, polepole. Nikarudi. Ikashuka tena. Ajabu ni kwamba hasira sikuwa nayo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na moyo umetulia tuli. Ilipofika sifuri kidude kile kikaanza kuwaka na kuzimika kama kimeshikwa na homa. Macho yakamtoka Dencio. Akanikamata mkono ule ule, akanipandisha taratibu, akiitazama kompyuta yangu tu. Yake hakuiangalia tena.

Karibu na juu ikatutaka tusimame ili hewa itutoke damuni kwanza, tukasimama. Tulielea muda mrefu katika mwanga mweupe, mapovu yetu yakipanda pamoja bila mtu kujua lipi la nani. Mkono wangu hakuuachia.

Kwenye ngalawa mwenye chombo alitupa chai ya tangawizi. Dencio alishika kikombe asinywe.

"Ungekaa kweli?"

"Ningekaa."

"Hata inalia vile?"

"Hata ingepasuka. Ulipo nipo, Dencio. Kazi ya kukungoja nimeacha."

Akajifunika taulo usoni. Nikamwacha alie, machozi ya mwanaume mzima hayahitaji msimamizi.

Hakulitaja tena jambo lile. Jumamosi iliyofuata tulishuka mahali pale pale, nami nikijiandaa kwa vita. Kasa hakuwepo. Palikuwa na mchanga, mwanga, na kundi la samaki wa fedha waliotuzunguka kimya hadi sikujua tena juu ni wapi. Nikasikia mlio, nikatazama mkono wangu. Bado nilikuwa na dakika.

Ilikuwa yake. Kompyuta kama yake hukubali kuongezewa woga, ilie mapema, mtu akitaka, ila sijapata kusikia mzamiaji aliyetaka. Dencio alikwisha kuwageuzia samaki mgongo. Akanyoosha dole gumba juu, akanipa mkono, akaningoja.