Mstari Mwekundu

Kinywe, kile cheusi kilichomo ndani ya penseli, ni mabaki ya viumbe. Vilikufa, vikazama kwenye tope la bahari, tope likafukiwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Joto na mgandamizo vikafukuza karibu kila kitu ila kaboni, nayo ikajipanga vigamba vigamba, vyote vimelala upande mmoja. Vigamba hivyo ndivyo vinavyoupa mwamba thamani. Ndivyo pia vinavyoufanya uteleze.

Kazi yangu mgodini ilikuwa kusema matabaka ya vigamba hivyo yameinamia wapi. Yakiinamia ndani ya ukuta wa shimo, ukuta husimama. Yakiinamia shimoni, huporomoka. Nilipima kwenye vipande vya mwamba vilivyochorongwa, yaani vilivyotobolewa kwa mashine kutoka ardhini, nikifuata mstari mwekundu ambao wachorongaji huuchora kuonyesha upande uliokuwa juu. Niliandika: yameinamia ndani. Ukuta ukachongwa karibu wima.

Chini yake, shemeji yangu, mume wa dada, aliendesha katapila, akizoa mawe kwa ndoo yake.

“Wewe unalipwa kuyatazama mawe, mimi kuyabeba,” alipenda kusema. “Dada yako alichagua vizuri.”

“Beba tu. Ukuta huo utasimama hadi upate wajukuu.”

Jumatano mchana, kwenye banda la kuhifadhia vipande hivyo, nilikuta kimoja ambacho juu yake mchorongaji alikuwa ameandika neno kando ya mstari: chini. Wachorongaji wa zamani waliuchora upande wa juu. Hawa wapya, upande wa chini. Hawakuniambia. Sikuwauliza. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimesoma kinyume.

Nilishika redio.

“Shemeji, acha mashine. Toka humo.”

“Leo umekunywa nini?”

“Nimekosea. Matabaka yameinamia kwako.”

“Wiki jana nilikuwa nizeekee hapa, leo nikimbie. Chagua moja, bwana. Nimalize ndoo mbili, nije unieleze vizuri.”

Nilirudia. Msimamizi naye aliingia redioni kuamuru watu watoke. Ukuta ulishuka mzimamzima, kama rundo la karatasi juu ya meza iliyoinamishwa.

Waombolezaji walisema siku yake ilikuwa imefika. Sikubishana, ingawa siku hiyo niliipanga mimi.

Dada nilimweleza yote, mstari na miezi mitatu. Alisikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu, ambayo weusi wake haukuwa umetoka kwa sabuni.

“Neno lake la mwisho lilikuwa lipi?”

“Kwamba amalize ndoo mbili.”

“Alimaliza?”

“Moja.”