Muhuri wa Ndala

Wino wa serikali ulikuwa ndani ya kopo la vaselini, na kopo lilikuwa ndani ya mkoba wa Ndaya. Jana Chef Kitwa, mkuu wa ofisi ya vizazi hapa Kamina, alimwambia kwamba karatasi ya kuzaliwa ya binti yake Béthanie iko tayari ila wino umekwisha. Anayetaka muhuri alete wino.

Ndaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila muhula alipaka ubao wa darasa lake weusi kwa unga wa betri za redio zilizokufa na maji ya majani ya muhogo, kwa sababu rangi ya ubao haikuwa imeletwa tangu vita vya kwanza, na sasa ilikuwa 1999, vita vya pili. Basi alipasua betri mbili, akachanganya unga na vaselini, akapata wino mzuri kuliko wa serikali yenyewe.

Saa moja na nusu asubuhi rafiki yake Phébé alimkuta barabarani, beseni la mahindi kichwani.

"Mama Béthanie! Weye ku bureau, minyi ku mashine ya kusaga. Twende pamoja, tukosane na njaa njiani."

Waliongozana. Ndaya alitembea upesi. Orodha ya mtihani wa serikali ingefungwa leo saa sita, na Béthanie asipokuwa na karatasi angekaa nyumbani mwaka mzima. Msichana wa miaka kumi na minane asiye na shule, katika mji uliojaa wanajeshi. Ndaya hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Ofisini, Chef Kitwa alikuwa amevaa tai, nyuma ya meza yenye miguu mitatu na rundo la matofali. Alivuta droo akatoa kipande cha ndala ya bluu. Muhuri wa zamani, wenye jina la Zaire, ulikwisha kuondolewa. Mpya uliahidiwa kutoka Lubumbashi, na Lubumbashi haikuharakisha. Kwa hiyo Chef alichonga wa kwake. Ila hakufikiri, labda kwa kuwa hakuizoea kazi hiyo ya kufikiri, kwamba muhuri huchongwa kinyume ili usomeke sawa. Aliuchovya katika kopo la Ndaya, akaugonga. Karatasini Congo ikatoka OGNOC.

"Chef, maandishi inarudia nyuma," Ndaya alisema.

"Madame, hii muhuri iko ya Leta, ya serikali. Kama benye masomo habawezi kuisoma, batafute kioo." Alitia saini, kisha akasogeza bakuli kuelekea beseni la Phébé. "Na mahindi kidogo, ya kazi."

"Kazi gani? Wino iko yetu!" Phébé alisema.

"Ya kugonga, mama."

Chef alijaza bakuli, akanyoosha mkono kuchukua na kopo. Ndaya alikuwa ameshalifunga na kulirudisha mkobani.

Shuleni, kwenye baraza, wazazi kama kumi walikaa na karatasi mapajani, nyuso zimewavimba kwa hasira. Ndani, mkaguzi Edmond, mwenye orodha ya mtihani, aliishika karatasi ya Béthanie kwa vidole viwili.

"Hii njo inchi gani, Ognoc?"

"Iko Chef Kitwa aligonga."

"Na bale bote inje, iko yeye tu. Minyi nataka muhuri ya kusomeka. Saa sita nafunga."

Ofisi mbili za serikali moja, hatua mia tatu kati yao, na hakuna mwanamume aliyenyanyua makalio kwenda kumwambia mwenzake. Waliona ni rahisi watoto wapoteze mwaka.

Njiani kuelekea mashineni Ndaya alitembea akiigeuza ile karatasi mikononi. Ghafla Phébé akageuka, akaanza kutembea kinyumenyume, beseni likiwa limetulia kichwani kama limeshonwa.

"Bonjour, papa!" alimwita mwendesha baiskeli. "Minyi natoka Ognoc. Kwetu tunatembeaka hivi!"

"Phébé, utaanguka."

"Ku Ognoc muntu anaangukaka juu. Chef anapewa mushahara, mwalimu anapewa wino. Bukari ya unga tunakula kesho, mahindi tunapanda jana!"

Ndaya alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akachuchumaa kando ya barabara huku machozi yakimtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu treni ya wanajeshi imchukue mumewe, fundi wa reli, isimrudishe. Phébé alisimama juu yake akingoja, akiona fahari.

"Sasa sikia," alisema. "Ule mupumbavu alikata na kisu, na hajue kuandika. Weye unashindwa na babushi?"

Alivua ndala yake ya kulia. "Ya kushoto ilishatoboka. Chukua hii."

Kwenye foleni ya mashine, katika vumbi la unga, Ndaya alichonga kwa wembe wake wa kuchongea penseli. Herufi zote kinyume, moja moja, kama alivyowafundisha watoto kuzitazama kwenye kioo. Wanawake wa foleni waliinama kutazama. Mmoja alisema N imelala, Ndaya akairekebisha. Mashine ilipomaliza kusaga mahindi ya Phébé, muhuri ulikuwa tayari, na ilikuwa saa tano na dakika chache.

Waliporudi shuleni, mkaguzi Edmond alivaa miwani. Kando ya OGNOC sasa palikuwa na duara safi, lenye kila herufi mahali pake.

"Voilà. Sasa njo Leta yenyewe." Aliandika jina la Béthanie katika orodha. "Kitwa alipata muhuri mupya?"

"Alipata mwalimu," Phébé alisema.

Walipotoka, Phébé alinyoosha mkono. "Nipatie babushi yangu. Jua linaniunguza muguu."

Ndaya aliwatazama wazazi wa barazani. Bado dakika arobaini. Akaketi kwenye ngazi, mbele ya dirisha la mkaguzi lililo wazi, akafungua kopo la wino juu ya magoti, ndala mkononi.

"Mupange mustari!" alisema kwa sauti yake ya darasani. "Mwenye kusukuma anarudi mwisho."

Phébé alikaa pembeni yake, mguu mmoja mtupu, beseni la unga kando, akaipokea karatasi ya kwanza.

"Karibu ku Leta, mama," alisema. "Hapa hatukamataka mahindi."