Komeo Lenye Utepe wa Njano

Katika duka lile la vyombo, zawadi ya harusi haikupelekwa mkononi. Maarusi walipita kwanza katikati ya rafu, wakagusa walivyovipenda, na mhudumu akaandika. Ndugu na marafiki walikuja baadaye, kila mmoja kwa wakati wake na uwezo wake, wakalipia kilichowafaa. Kilicholipiwa kilihamishiwa chumba cha nyuma, kikafungwa utepe. Utepe mweupe ulimaanisha kimelipiwa na upande wa mke, wa bluu upande wa mume. Wa njano ulikuwa wa maarusi wenyewe, na bunda lake lilishika vumbi kwenye ndoana, maana ni nani anayejinunulia zawadi ya harusi yake?

Mhudumu aliyezifunga tepe hizo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Watu walimwita Mama Utepe, na jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa, huko lilipo. Alipenda maneno kama chai ipendavyo sukari, lakini sheria moja hakuivunja: alionyesha rangi, hakutaja mtu.

Bi harusi wa safari hii alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Fundi, majirani Fundi, na hata mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi, alimwita Fundi, ila yeye alilivuta jina kama anayebembeleza mtoto. Umri ule ambao mashangazi huuliza "lini?" ulikuwa umempita. Walikuwa wameshachoka kuuliza.

Siku ya kuchagua walikwenda watatu: Fundi, Mwalimu, na mama yake Mwalimu, mjane mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno. Fundi hakuwa na makuu. Sufuria, vikombe, mapazia mazito kidogo. Kitu kimoja tu alikishika kwa mikono miwili: cherehani ya umeme, ile yenye taa ndogo juu ya sindano. Mwalimu alikuwa amemwahidi chumba cha nyuma katika nyumba ya mama yake kiwe karakana yake. Kwa ahadi hiyo, Fundi alishamwambia mwenye nyumba wake kwamba mwisho wa mwezi atarudisha ufunguo wa kile chumba cha barabarani alikoshonea tangu ujana. Kwa hiyo mkate wake wote wa kesho ulikuwa umewekwa ndani ya chumba ambacho hajawahi kukiona.

"Kina mwanga?" aliuliza tena, pale pale dukani.

"Mwanga tele," Mwalimu akajibu. "Utashona hadi uchoke."

Mama yake akatazama pembeni. Alikuwa ameshika mwiko. Akaurudisha mahali pake, akapiga hatua, akageuka, akauchukua tena na kuukagua kama hajapata kuuona. Fundi aliliona hilo, lakini mtu anayechagua sufuria za nyumba yake hana muda wa kuhesabu miiko ya mkwewe.

Zilipopita wiki chache, Fundi alirudi na shangazi yake kuangalia zawadi zimefika wapi. Shangazi huyu ndiye aliyemlea, na ulimi wake haukuwa na breki. Mama Utepe aliwafungulia chumba cha nyuma. Tepe nyeupe zilikuwa nyingi, za bluu chache, na shangazi akasema upande wa mume wana mkono mzito, labda waliugongea msumari.

Kisha akaona vitu ambavyo Fundi hakuvichagua. Kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye mdomo kama wa birika, kengele ndogo ya mkononi, na shuka la mpira, lile la kutandika chini ya shuka la kawaida ili godoro lisilowe. Vyote vina utepe wa bluu.

"Mama yake bwana harusi alikuja kuongeza," Mama Utepe akaeleza. "Kuongeza si siri, kulipia ndiyo siri."

Shangazi alicheka hadi akaegemea rafu. Mkwe ana haraka ya mjukuu, alisema. Harusi bado, mtoto ameshatandikiwa. Akakipuliza kikombe kile kama filimbi. Fundi naye akacheka, kwa sababu kicheko cha shangazi hukipingi. Lakini jicho la mshonaji halicheki. Alilishika shuka kwenye pindo, akalikunjua kidogo, akalipima kwa mkono kutoka bega hadi ncha ya kidole, akaendelea kulivuta na bado halijaisha. Lilikuwa la kitanda cha mtu mzima.

"Shangazi," akasema, "mtoto gani huyu wa futi sita?"

Shangazi akanyamaza. Kwake hilo lilikuwa jambo la nadra kuliko utepe wa njano.

Kabla hawajatoka, Mama Utepe aliwaonyesha kilichobaki kulipiwa. Mwisho kabisa, kwenye meza ya kaunta, lilikuwepo komeo la chuma. Lilikuwa kubwa, zito, limepakwa mafuta, la aina inayofungwa kwa nje ya mlango. Nalo lilikuwa limeongezwa na mama.

Njiani shangazi hakutania. Alisema nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake, na kwamba kuuliza mapema kunauma kidogo kuliko kuuliza baadaye. Fundi akauliza. Mwalimu alicheka kwa upole, kama anavyowacheka watoto waliokosea hesabu rahisi. Mama ni mtu wa kununuanunua, alisema, usimtilie maanani; shuka ni la akiba, kengele ni pambo, na komeo ni la stoo, panya wamezidi. Fundi alitaka sana kuamini. Akaamini hadi alipofika kitandani, akajiuliza panya gani anayefungua mlango.

Aliporudi dukani peke yake, komeo halikuwa kwenye kaunta. Lilikuwa chumba cha nyuma, limefungwa utepe wa njano.

Fundi alisimama mbele yake muda mrefu. Maarusi wenyewe walikuwa wawili tu duniani, na mmoja wao alikuwa amesimama pale akijua hajalipa kitu. Mama Utepe alijifanya anapanga sahani. Rangi alikuwa ameshaionyesha, zaidi ya hapo angevunja sheria.

"Anakuja kulichukua kesho," alisema tu, bila kugeuka. "Vingine vinangoja siku ya harusi. Hili amelitaka mapema."

Fundi hakwenda kwa Mwalimu. Alichukua tepu yake ya kupimia, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mama, saa ambazo Mwalimu yuko darasani, na kusema amekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mama alimkaribisha, akamletea chai. Chai ilikuwa na chumvi. Fundi aliinywa. Mama alimtazama akinywa, naye hakuonja yake.

Chumba cha nyuma kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kweli kilikuwa na dirisha kubwa, na kweli kilikuwa na mwanga, ila dirisha lenyewe lilikuwa na nondo zilizosogeleana hata mkono haupiti. Kitanda kimoja chembamba kilisukumwa ukutani. Fundi alipima upana wa dirisha, akapima urefu, akaandika. Alipokuwa akitoka, vidole vyake vilipita juu ya mlango, upande wa ukumbini, vikakuta mashimo manne chini ya rangi. Mashimo ya skrubu. Palikuwa na komeo hapo zamani, likang'olewa, mlango ukapakwa rangi ili usahau. Mbao husahau polepole.

"Umeyapata," mama akasema nyuma yake.

Fundi akageuka. Mama alikuwa amesimama wima, mikono imekunjwa, na macho yake saa hiyo yalikuwa meupe, makavu, yenye akili timamu.

"Yalikuwa ya nani, mama?"

"Ya mama yangu." Akaingia, akaketi kwenye kitanda, akakipapasa kama anayemtuliza mnyama. Akasimulia bila haraka. Mama yake alianza kwa kusahau vijiko, akaja kusahau nyumba, akaja kusahau watu. Alitoka alfajiri akaokotwa barabarani, akawasha jiko akaliacha, akampiga binti yake kwa kumdhani mwizi. Ndipo binti akamfungia. Alimfungia asubuhi akienda kazini, akamfungua jioni, hadi alipokufa humo. "Lilikuwa komeo bovu, la kutu. Kila nikilivuta lilikuwa likilia, na yeye akilisikia naye analia. Mpaka leo nalisikia. Hili jipya nimelijaribu mwenyewe pale dukani, mara nyingi. Halipigi kelele."

Fundi akaikunja tepu yake. "Umelichagua la nani?"

"Mwanangu, usiniulize unachokijua." Mama alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Nachagua sasa, nikiwa bado na akili ya kuchagua. Kikombe kile hakimwagi. Shuka lile haliwashi. Kengele ni ya kukuita. Wewe una mkono mwepesi, nilikuona ukishika kitambaa. Hutanivuta nywele."

"Mwalimu anajua?"

"Tulilizungumza kabla hajakuposa."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa mpangilio wote, kama mtu aliyegeuza nguo ndani nje na kuuona mshono. Alimuaga mama kwa heshima, akamwambia apumzike. Mama akamwuliza kama ameshakunywa chai.

Mwalimu alikuja jioni kwenye chumba cha barabarani kuchukua suruali yake ya harusi. Fundi hakupiga kelele. Alikunja suruali, akaiweka juu ya meza, akaweka kiganja juu yake.

"Umelipia komeo."

Mwalimu alitazama mlango, akatazama suruali. Alisema alilipia yeye ili wageni wasiende kuliona na kuanza maneno. Ni aibu ya familia. Alitaka kumweleza baada ya harusi, polepole, wakiwa wametulia.

"Na cherehani yangu itakaa wapi?"

"Humo humo. Chumba ni kikubwa, Fundi. Utakuwa unashona huku unamwangalia."

"Na ukifika wakati wa kufunga, nani atalivuta komeo?"

 Macho ya Mwalimu yalishuka, yakatua juu ya mikono ya Fundi, yakakaa pale.

"Kwa nini si wewe?" Fundi akauliza.

"Ni mama yangu," alisema, na sauti ikamkatika kwa kweli, haikuwa ya kuigiza. "Siwezi. Wewe una subira. Kila mtu anasema una subira. Ndiyo maana…"

Akaishia hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu ilitosha. Mwalimu alikuwa amepita katikati ya rafu, akamgusa yeye, akaandikiwa. Fundi alimwambia hivi: aende nyumbani, amkalishe mama yake, aseme mbele ya mama na mbele ya Fundi kwamba mkono utakaomfungia, kama ni lazima afungiwe, ni wa mwanawe, na kwamba mchana ukimshinda atatafuta mtu na kumlipa. Akisema hivyo, harusi ipo. Akampa suruali. Mwalimu aliipokea, akasema atafikiri. Alifikiri Jumatatu, akafikiri Jumanne, na wiki ilipoisha alikuwa bado anafikiri.

Basi Fundi akaenda kwa mwenye nyumba wake, akamwambia ule ufunguo harudishi. Kisha akaenda dukani kufuta zawadi.

Mama Utepe hakuuliza. Alivuta kigoda, akaanza kufungua tepe, nyeupe huku, bluu kule, akizikunja vizuri kwa ajili ya harusi nyingine. Alisema ndugu watarudishiwa chao mmoja mmoja, na kwamba kazi hii ya kufungua inamchosha kuliko ya kufunga. Walikuwa wamefika kwenye cherehani mlango wa duka uliposukumwa, na mama yake Mwalimu akaingia peke yake. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine ndala.

Alipita kati ya rafu akigusa vitu. Alipofika karibu yao alimtazama Fundi kwa upole wa mgeni kwa mgeni.

"Unaolewa, mwanangu?"

 Fundi akatikisa kichwa, na hata mwenyewe hakujua alikitikisa kukubali au kukataa.

"Hongera. Basi nikupe siri." Mama akamshika mkono, akamvuta hadi kwenye rafu ya vyuma, akachukua komeo jipya, pacha wa lile lililokwisha kwenda. Akalisukuma, akalirudisha, akalisukuma tena karibu na sikio la Fundi. "Sikia. Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Ndilo hilo. Uchukue hili. Atakayekuwa ndani hatajua lini amefungiwa."

Mama Utepe aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa bunda la tepe nyeupe.

Fundi alilirudisha komeo kwenye rafu, akamshika mama mkono, akatoka naye. Walitembea polepole kwa sababu ya ile ndala. Njia nzima mama alimwambia habari za mwanawe, msomi, mpole, ambaye karibu ataoa fundi mwenye mkono mwepesi. Fundi alisema ndiyo, mama. Ndiyo, mama.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na chaki kwenye mikono. Alipomwona Fundi, uso wake ulichanua, akasogea kando ili wapite wote wawili.

Fundi hakuvuka kizingiti. Aliuchukua mkono wa mama, akauweka ndani ya mkono wa mwanawe, akavikunja vidole vya Mwalimu juu yake.

"Mpokee wewe," akasema.

 Mwalimu alitazama mikono ile miwili iliyoshikana, akamwingiza mama ndani, kisha mlango ukajifunga taratibu, nyayo zikasikika zikielekea mwisho wa ukumbi: kiatu, ndala, kiatu, ndala. Zikakoma.

Fundi alisimama njiani akatega sikio. Alisikia redio ya jirani na maji yakimwagwa mahali fulani. Kutoka chumba cha nyuma hakusikia chochote, na hakuwa na namna ya kujua kama ule ulikuwa ukimya wa mtu aliyekaa na mama yake, au ni lile komeo zuri.